Mnunuzi Huitwa Mfalme Huku Mtungi Wake Ukipunguzwa

Upo usemi unaopendwa mno na wale wanaolisifu soko huria, nao ni kwamba mnunuzi ni mfalme. Usemi huo hurudiwa katika vitabu vya uchumi, katika semina za uongozi na katika hotuba za wataalamu, hata mwalimu afundishaye somo la biashara hujikuta akiuandika ubaoni kana kwamba ni kanuni ya hesabu. Maana yake ni kuwa mwenye kiwanda hana amri, bali ni mtumishi tu. Mnunuzi ndiye aamuaye kitu gani kitengenezwe, kwa ubora gani na kwa bei gani. Akitaka, kiwanda huneemeka. Asipotaka, kiwanda hufungwa.

Ikiwa usemi huo ni wa kweli, basi hapana budi ukweli wake uonekane mahali ambapo soko lina uhuru mwingi na mnunuzi ana fedha nyingi. Mahali hapo ni Marekani. Na katika Marekani yenyewe ni vigumu kupata bidhaa iwezayo kuupima usemi huo vizuri zaidi kuliko jiko la gesi la kuchomea nyama uani. Hakuna alazimishwaye na njaa kulinunua, kwa sababu ndani ya nyumba yake limo jiko jingine lipikalo kila siku. Hili ni jiko la pili, jiko la starehe, la mwisho wa juma na la sikukuu, hasa sikukuu yao ya Uhuru ya tarehe 4 Julai. Kwa hesabu za chama cha watengenezaji na wauzaji wa majiko hayo, karibu kaya saba katika kila kumi za Marekani zina jiko la kuchomea la namna moja au nyingine, na yatumiayo gesi ndiyo yanayoongoza. Basi na litazamwe soko hilo, ijulikane mfalme huyo anatawala nini.

Ua

Watu wamechoma nyama tangu moto ulipojulikana. Kilichokuwa kipya huko Marekani katikati ya karne ya 20 ni ua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya nchi hiyo iliwapa askari waliorudi vitani mikopo nafuu ya nyumba chini ya sheria ya mwaka 1944, ikadhamini mikopo ya mabenki, na baadaye ikajenga barabara kuu za kuwafikisha wafanyakazi mijini kutoka pembezoni. Mwaka 1940 kaya zilizoishi katika nyumba zao wenyewe zilikuwa takriban 44 katika kila 100. Mwaka 1960 zilikuwa 62. Nyumba hizo mpya zilikuwa na majani mbele na ua nyuma, na ndani ya ua huo ndimo soko la majiko lilimozaliwa.

Kwa hiyo tangu mwanzo mfalme huyu alivikwa taji na serikali, wala si na soko. Na taji hilo halikutolewa kwa wote. Huko Levittown katika jimbo la New York, mtaa mashuhuri ulioanza kujengwa mwaka 1947, kampuni iliyoujenga ilikataa kuwapangisha na kuwauzia nyumba watu weusi, hata wale waliopigana vita vile vile na kuvaa sare ile ile. Aliyenyimwa nyumba alinyimwa ua, na aliyenyimwa ua hakuwa na mahali pa kuweka jiko. Hata leo katika miji mingi ya Marekani kanuni za zimamoto zinamkataza mpangaji wa ghorofani kuwasha jiko la gesi kwenye roshani yake. Kanuni hizo ni za busara, lakini zinakumbusha kwamba "uhuru wa kuchagua" huanza na swali la nani ana ardhi.

Hata mkaa uliotangulia gesi haukutokana na ombi la mnunuzi. Katika miaka ya 1920 Henry Ford alikuwa na mabaki mengi ya mbao katika kiwanda chake cha Iron Mountain, Michigan, kilichopasua mbao za magari ya Model T. Mabaki yale yakachomwa, yakasagwa, yakashindiliwa kuwa vitofali vya mkaa, na vitofali vikauzwa kwa mawakala wa magari pamoja na wazo la kwenda matembezi kwa gari na kuchoma nyama huko. Taka ya kiwanda ikapata bei, na bei ikatafutiwa hamu. Mkaa huo baadaye uliitwa Kingsford, na kwa jina hilo unauzwa hadi leo.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Mwaka 1952 fundi mmoja wa Chicago, George Stephen, aliyefanya kazi katika karakana ya Weber Brothers Metal Works, alichoshwa na upepo uliopeperusha majivu juu ya nyama yake. Karakana ile ilitengeneza maboya ya chuma ya kuelea majini. Stephen alichukua boya, akalikata, akalitia miguu, mfuniko na matundu ya kupitisha hewa, likawa jiko. Jiko hilo la mviringo lilitatua shida ya kweli, tena lilitoka katika mikono ya mtu aliyeijua shida hiyo. Huo ndio ushahidi bora walio nao watetezi wa soko, na haufai kufichwa. Lakini jambo la kuulizwa ni je, soko lililofuata liliendelea kufanya kazi kwa njia ya Stephen, au kwa njia ya Ford?

Moshi

Majiko ya gesi yalianza kuenea uani katika miaka ya 1960. Makampuni ya gesi yaliyapenda kwa sababu iliyo wazi: gesi huuzwa sana wakati wa baridi kwa kupasha nyumba joto, na kiangazi mauzo hushuka, jiko la uani lilikuwa mlaji mpya wa kiangazi. Mwaka 1985 kampuni ya Weber ilitoa jiko lake la gesi liitwalo Genesis, na katika miaka ya 1990 gesi ikaupiku mkaa katika mauzo. Hoja iliyotumika kumshawishi mnunuzi ilikuwa safi kama moto wa gesi wenyewe: mkaa ni uchafu, majivu ni adha, moshi ni kero, na kungoja nusu saa ili makaa yawake ni kupoteza wakati. Zungusha kitufe, moto huo.

Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Lakini tazama lililofuata. Mwaka 1986 Joe Traeger wa jimbo la Oregon alipata hataza ya jiko lichomalo vidonge vya unga wa mbao vilivyoshindiliwa. Hataza hiyo ilipokwisha mwaka 2006, makampuni mengi yaliingia katika biashara hiyo, na ghafla mnunuzi akaambiwa kuwa nyama isiyo na moshi haina ladha. Moshi ule ule uliofukuzwa uani kama uchafu ukarudishwa kama kiungo, tena kwa bei ya juu. Punde likaja jiko la bamba, lililofanywa mashuhuri na kampuni ya Blackstone ya jimbo la Utah. Hilo ni bamba pana la chuma juu ya miale ya gesi. Mpishi yeyote wa pwani ya Afrika Mashariki angelitambua mara moja kuwa ni chuma cha chapati kilichorefushwa. Halafu yakaja majiko yanayounganishwa na simu, ili mwenye nyumba aliyeketi hatua kumi kutoka kwenye nyama yake apate habari za nyama hiyo kwa njia ya intaneti.

Hapana ubaya katika chuma cha chapati, wala katika moshi. Ubaya uko katika mtindo wenyewe. Soko hili linakaribia kujaa, kwa kuwa wengi wanaoweza kuwa na jiko wanalo tayari. Jiko lililotengenezwa vyema kwa chuma kizito hudumu miaka mingi. Kwa mwenye nyumba hiyo ni neema. Kwa mwenye kiwanda ni balaa. Basi ili jiko jipya linunuliwe, ama la zamani lioze, ama mwenyewe alionee haya. Njia zote mbili zinatumika.

Kuhusu kuoza, mnunuzi hupewa neno moja, "chuma kisichoshika kutu," na neno hilo hufunika vyuma vya namna mbili. Upo ule wa daraja la 304, ambao ndani yake imo nikeli, nao huvumilia mvua na chumvi ya chakula kwa miaka mingi. Upo wa daraja la 430, usio na nikeli, ulio wa bei nafuu na unaopata madoa ya kutu upesi zaidi. Dukani vyote viwili hung'aa sawasawa. Aghalabu sumaku ndogo hutosha kuvitenga, kwani hushika chuma cha 430 na kuteleza juu ya cha 304. Lakini tangazo la biashara halimfundishi mtu kubeba sumaku.

Kuhusu haya, mnunuzi huonyeshwa tarakimu. Kila jiko la gesi hutangazwa kwa kipimo cha joto kiitwacho BTU, na mnunuzi huaminishwa kuwa tarakimu kubwa ni jiko bora. Kumbe kipimo hicho hueleza kiasi cha gesi ambacho vichomeo vyaweza kuteketeza kwa saa moja. Hakielezi ni joto kiasi gani linafika kwenye nyama. Jiko lenye mfuniko mwembamba na mianya mingi laweza kuwa na tarakimu ya kutisha kwa sababu tu linapoteza joto jingi hewani. Kusifu jiko kwa BTU peke yake ni sawa na kusifu gari kwa wingi wa petroli linayokunywa. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Msumeno

Anayedhani kwamba biashara hii huongozwa na hamu ya mnunuzi, na akumbuke kisa cha Sunbeam, kampuni ambayo wakati mmoja ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa majiko ya gesi Marekani. Mwezi Julai 1996 kampuni hiyo ilimwajiri Albert Dunlap kuwa mkuu wake. Sifa yake ilikuwa kupunguza wafanyakazi, hata akaitwa Al wa Msumeno. Habari za kuajiriwa kwake zilipotoka, bei ya hisa za Sunbeam ilipanda kwa karibu nusu katika siku moja. Hakuna jiko jipya lililokuwa limetengenezwa. Hakuna mnunuzi aliyekuwa amesema neno. Wenye hisa walinusa damu tu.

Mwezi Novemba mwaka huo huo msumeno ulianza kazi. Ilitangazwa kuwa nusu ya wafanyakazi wapatao 12,000 wataondoka katika kampuni, na kwamba viwanda 26 vitabaki 8. Watu waliojua kukunja bati na kuunga mabomba ya gesi, na miji midogo iliyojengwa kuzunguka kazi hiyo, waliambiwa kuwa huo ndio ufanisi.

Lakini ufanisi ulitakiwa uonekane katika hesabu za kila robo mwaka, na hapo ndipo majiko yalipogeuzwa kuwa mchezo wa kiini macho. Jiko la uani ni bidhaa ya majira: watu hulinunua wakati wa machipuko na kiangazi. Sunbeam iliyashawishi maduka, kwa punguzo kubwa, yakubali "kununua" majiko miezi mingi kabla ya msimu. Fedha hazikulipwa wakati huo. Baadhi ya majiko hayakuondoka hata ghalani. Yalikaa humo yakingoja joto lirudi, huku vitabuni yakiandikwa kuwa yameuzwa. Hivyo mauzo ya mwaka 1998 yalivutwa yakaingizwa katika mwaka 1997, na mwaka 1997 ukatangazwa kuwa wa fanaka isiyo na kifani. Tume ya Marekani inayosimamia biashara ya hisa ilieleza baadaye kwamba katika faida ya dola milioni 189 iliyotangazwa mwaka huo, zisizopungua milioni 60 zilitokana na udanganyifu.

Njia ya mwongo ni fupi. Msimu wa mwaka 1998 ulipofika, maduka yalikuwa yamekwisha kujaa majiko, na hapakuwa na wa kununua tena. Dunlap alifukuzwa mwezi Juni mwaka huo. Mwezi Februari 2001 Sunbeam iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika. Mwaka 2002 Dunlap alikubali kulipa dola 500,000 kumaliza kesi ya tume, pamoja na dola milioni 15 kumaliza kesi ya wenye hisa, na akazuiwa asiwe tena kiongozi wa kampuni yoyote inayouza hisa kwa umma. Wenye hisa walipata walau fidia kidogo. Waliofukuzwa kazi viwandani hawakutajwa katika hesabu hiyo.

Kisa hiki hakielezwi ili kumzomea mtu ambaye amekwisha kufariki. Kinaelezwa kwa sababu kinaonyesha nani hasa alikuwa akitumikiwa. Jiko lilikwisha "kuuzwa" kabla mnunuzi hajajua kuwa analihitaji. Soko lilimhitaji mnunuzi mwishoni tu, aje athibitishe uongo uliokwisha kuandikwa.

Mtungi

Jambo linalomgusa mwenye nyumba kila msimu si jiko, ni mtungi. Gesi itumiwayo katika majiko mengi ya uani ni propani, itokayo katika usafishaji wa gesi asilia na wa mafuta ghafi. Mtungi wa kawaida huitwa wa ratili 20, yaani kiasi cha kilo 9. Zamani mwenye mtungi aliupeleka kujazwa, akalipia kilichoingia. Kisha kanuni mpya za usalama zilitaka mitungi iwe na kifaa cha kuzuia isijae kupita kiasi, na tangu mwezi Aprili 2002 mitungi isiyo na kifaa hicho haikuruhusiwa kujazwa tena. Kanuni hiyo ilikuwa njema, lakini ilikuza biashara ya kubadilishana: mtu huacha mtungi mtupu nje ya duka au kituo cha petroli, huchukua uliojaa, hulipa, huondoka.

Katika biashara ya kubadilishana, mtu haoni gesi ikiingia. Anaona mtungi. Mwaka 2008 makampuni mawili, yajulikanayo kwa majina ya Blue Rhino na AmeriGas, ambayo kwa pamoja yalishika takriban asilimia 80 ya biashara hiyo ya jumla nchini Marekani, yalipunguza gesi katika mtungi kutoka ratili 17 hadi ratili 15. Mtungi ulibaki ule ule. Bei haikupungua. Mwezi Machi 2014 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliyashitaki, ikidai kwamba yalipatana kwa siri kuishinikiza Walmart, mnunuzi wao mkubwa, ikubali upunguzaji huo. Makampuni yalikubali amri ya kutopatana tena juu ya bei na ujazo, na shauri la tume likaishia hapo.

Ratili mbili zaweza kuonekana kitu kidogo. Basi na zihesabiwe. Mbili katika kumi na saba ni karibu asilimia 12. Ratili moja ya propani hutoa kiasi cha BTU 21,500. Jiko linaloteketeza BTU 36,000 kwa saa lingewaka zaidi ya saa 10 kwa ratili 17. Kwa ratili 15 huzimika kabla ya saa 9. Saa nzima ya moto imeondoka, na aliyeilipia hana habari. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba zilitolewa katika kibaba, na kibaba kikaendelea kuuzwa kama kilivyokuwa.

Ni vema kutulia juu ya jambo hili, kwa sababu ndilo linaloubomoa ule usemi wa ufalme. Mfalme wa kweli hujua kilichomo ghalani mwake. Mnunuzi huyu hakujua kilichomo katika mtungi wake mwenyewe. Na hata kama angejua, angekwenda wapi, iwapo makampuni mawili yalikuwa na mitungi minane katika kila kumi? Haki yake, kiasi alichoipata, haikuletwa na ushindani. Ililetwa na tume ya serikali, tena baada ya miaka sita.

Hisa

Watetezi wa soko watasema kwamba hayo ni ya zamani. Na yatazamwe ya karibuni. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliwafungia watu majumbani, mikahawa ikafungwa, na fedha zilizokuwa za safari zikahamia uani. Mauzo ya majiko yaliruka. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejua kuwa jiko si mkate, na kwamba aliyenunua mwaka 2020 hatanunua tena mwaka 2022. Lakini wenye mitaji hawakungoja. Mwezi Julai 2021 Traeger ilipeleka hisa zake katika soko la New York kwa dola 18 kila moja. Mwezi Agosti ikafuata Weber kwa dola 14. Uani mwa Marekani pakawa si mahali pa kupikia tu, bali mahali pa kubashiria.

Mwaka uliofuata mambo yalikwenda kama ilivyotazamiwa na kila mtu isipokuwa waliokuwa na jambo la kuuza. Mauzo ya Weber yalishuka kutoka karibu dola bilioni 2 hadi kiasi cha bilioni 1.6. Mkuu wa kampuni aliondoka, gawio likasitishwa, na upunguzaji wa wafanyakazi ukatangazwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 wenye hisa wakubwa, ambao walikuwa wakiimiliki sehemu kubwa ya kampuni tangu mwaka 2010, walizinunua hisa za umma kwa dola 8 na senti 5. Mwananchi aliyenunua hisa yake kwa dola 14 siku ya kwanza na kuishika hadi mwisho, aliwarudishia waliomuuzia kwa bei iliyokaribia nusu. Kisha mwezi Desemba 2024 Weber na Blackstone zilitangaza kuungana. Mnunuzi anayesimama dukani akilinganisha jiko la wavu na jiko la bamba, akidhani anachagua kati ya mahasimu, anachagua kati ya mifuko miwili ya koti moja.

Juu ya hayo ziko kodi za forodha. Sehemu kubwa ya majiko ya bei nafuu yauzwayo Marekani hutengenezwa China, baada ya viwanda vya nyumbani kufungwa kwa jina la bei nafuu. Sasa serikali ile ile, iliyoweka ushuru wa asilimia 25 juu ya chuma kinachoagizwa mwaka 2018 na kuupandisha hadi asilimia 50 mwezi Juni 2025, inadai kuvirudisha viwanda. Kwanza kazi iliondoka ili jiko liwe rahisi. Sasa jiko linatishwa kuwa ghali ili kazi irudi. Mara zote mbili mfalme hakuulizwa.

Hoja na majibu yake

Wapo watakaosema: ikiwa mnunuzi anadanganywa kiasi hicho, mbona anafurahi? Kweli anafurahi. Nyama anayoichoma pamoja na watoto na jirani zake ni tamu, na furaha hiyo si ya kudharauliwa. Lakini furaha ya mtu si hati ya kumsamehe aliyempunja. Mtoto hunywa maziwa kwa furaha hata yakiwa yametiwa maji. Hiyo si sababu ya kumsifu muuza maziwa.

Wengine watasema kwamba ushindani umeleta majiko bora na ya bei nafuu kuliko ya miaka 40 iliyopita. Hilo nalo lina ukweli ndani yake. Pale fundi alipoachwa ashindane na fundi mwenzake juu ya ubora, yalipatikana mambo mazuri. Lakini si ushindani uliogundua hesabu za uongo za Sunbeam, wala si ushindani uliopima mitungi. Mambo hayo yalifichuliwa na wakaguzi, waandishi wa habari, mahakama na tume za umma, yaani na vile vyombo ambavyo waumini wa soko huria husema kila siku kuwa vinaingilia kazi isiyo yao. Nchi inayojitapa kuwa na soko huria kuliko zote imelazimika kumweka askari mlangoni mwa soko hilo. Asiyekuwa na askari atarajie nini?

Swali hilo si la Marekani peke yake. Gesi ya jamii hiyo hiyo, propani ikichanganywa na butani, ndiyo inayoingia sasa katika jikoni za Tanzania na Kenya, tena kwa utaratibu ule ule wa kubadilishana mitungi. Tofauti ni kubwa. Huko gesi ni ya jiko la pili, la starehe; huku ni ya jiko la kwanza, la uji wa mtoto na ugali wa shule, ikichukua nafasi ya kuni na mkaa. Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo mtungi unaopunjwa huko hukatiza karamu. Mtungi unaopunjwa huku hurudisha mama porini kutafuta kuni.

Ndiyo maana watumishi wa umma na walimu wanapaswa kukitazama kisa cha majiko ya uani kwa makini kuliko wengine. Afisa wa vipimo anayepita dukani na mzani wake hafanyi ukiritimba. Anafanya kazi ambayo huko Marekani ilichelewa miaka sita. Karani anayesaini risiti ya mitungi ya shule bila kuipima anaweka sahihi juu ya asichokijua. Uzito wa mtungi mtupu hugongwa juu ya chuma chake. Uzito wa uliojaa hupatikana mizanini. Kinachobaki baada ya kutoa ndicho kilicholipiwa. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu, nayo ina nguvu kuliko kila tangazo la biashara lililopata kuandikwa. Na mwalimu anayefundisha kuwa mnunuzi ni mfalme, na aongeze sentensi ya pili ubaoni: mfalme asiye na mzani, asiye na sheria na asiye na elimu, hutawaliwa na muuza mitungi.